Prosesa Iliyokuwa Ikingoja

Mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa informatiki hapa Bukavu, Mama Mkubwa wangu aliniomba nimsindikize kununua kompyuta. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, mahali ambapo wanafunzi hupeleka kazi zao za kumaliza masomo, zile tunazoziita TFC, na majira ya kuziwasilisha yalikuwa yanakaribia. Muuzaji wa mitumba alikuwa na mashine mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa na prosesa, yaani sehemu inayotekeleza maagizo ya programu, aina ya Pentium 4 ya gigahezi 3.0, ya pili ilikuwa na Core 2 Duo ya gigahezi 1.86. Nilizitazama namba hizo kama mtu anayelinganisha magunia mawili ya makaa, nikamwambia Mama Mkubwa kwa sauti ya mjuzi kwamba tatu ni kubwa kuliko moja na nusu na ushei. Akaninunulia soda, akamtafuta mchukuzi wa kubeba ile ya kwanza.

Kumbukumbu ya mashine hiyo ilikuwa megabaiti 512, na ya ile tuliyoiacha dukani ilikuwa gigabaiti 2, yaani mara nne yake. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ile ile, mstari wa chini, nami sikulipa uzito wowote.

Haukupita muda akaniita. «Mtoto wangu, ordinateri yako inasinzia.» TFC ya kurasa sitini yenye picha ilichukua muda mrefu kufunguka, na mteja wa pili alipoomba ya kwake ifunguliwe juu ya hiyo, mashine nzima ilisimama, huku kitaa kidogo cha mbele kikimetameta bila kupumzika. Hakunikemea. Aliniambia tu kwamba wateja watatu wamevuka barabara kwenda kwa jirani.

Nilichojua wakati huo kuhusu muundo wa kompyuta ni kile nilichokuwa nimenakili ubaoni kwa Kifaransa na kukirudisha kwenye mtihani bila kukitafuna. Niliweza kutaja sehemu zote: kitengo cha udhibiti, kitengo cha hesabu na mantiki, kumbukumbu, vifaa vya kuingizia na kutolea. Hata hivyo, kama watu wengi mjini kwetu, nilipotamka «unité centrale» nilikuwa naliona lile sanduku la bati lililo chini ya meza, ilhali kwa maana yake halisi ni prosesa, kipande cha silikoni kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Sehemu nilizijua majina. Sikujua hata moja kati ya hizo inamngoja nani.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa mtaa wa Nyawera, mtu mzima kuliko mimi, ambaye nilimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na yeye akaniita mdogo wangu. Nilimpelekea mashine nikiwa nimeshaandaa maelezo kwamba prosesa ina kasoro. Hakuitazama prosesa hata kidogo. Alifungua nyaraka nne kwa mfululizo, akainama, akaweka sikio karibu na sanduku. Ndani, diski ilikuwa inakwaruza kama panya aliye darini. «Sikia,» akasema. «Prosesa yako haina ugonjwa, mdogo wangu. Inangoja.»

Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelinakili darasani bila kulielewa. Programu haiwezi kutekelezwa ikiwa kwenye diski. Sharti kwanza iletwe kwenye kumbukumbu, na humo ndimo prosesa inapochota agizo moja baada ya jingine. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huchukua vipande ambavyo havijaguswa kwa muda, ukavipeleka diskini ili kupata nafasi, na vikihitajika tena huvirudisha na kutoa vingine. Kwa megabaiti 512, mashine ya Mama Mkubwa ilikuwa inatumia sehemu kubwa ya siku yake kuhamisha mizigo kati ya vyumba viwili. Kitaa kile kilikuwa kinatangaza jambo hilo mbele ya macho yangu kila siku, nami nikidhani ni pambo. Fundi akatoa kijiti cha gigabaiti 1 kwenye mashine iliyokufa, akakichomeka, na kwaruzo likapungua papo hapo. Mashine haikugeuka farasi, ila iliacha kusinzia.

Leo mimi mwenyewe ninawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maabara tunayo, lakini umeme wa mji wetu, ambao kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, una ratiba yake ambayo haitushirikishi, na mara nyingi kipindi changu huangukia kwenye giza. Nimejifunza kufundisha kompyuta bila kompyuta. Ninaingia darasani na trei ya mayai.

Trei hiyo ina matundu 30. Tunayapa namba kuanzia 0 hadi 29, na namba ya tundu tunaiita anwani. Katika kila tundu inakaa kadi moja yenye namba ya tarakimu tatu, na tundu lililo tupu linahesabiwa kuwa 000. Tarakimu ya kwanza ni tendo na mbili za mwisho ni anwani: 1 maana yake leta namba iliyo katika tundu hilo uiweke kwenye rejista, yaani nafasi ya namba moja iliyo ndani ya prosesa yenyewe, 2 ni ongeza namba iliyo katika tundu hilo juu ya iliyo kwenye rejista, 3 ni hifadhi kilicho kwenye rejista katika tundu hilo, 4 ni rukia tundu hilo uendelee kutoka hapo, 0 ni simama. Mwanafunzi mmoja anakuwa rejista na mfanya hesabu, akiwa na kibao na chaki. Wa pili anashika kihesabio, yaani anajua ni tundu lipi litakalosomwa sasa, na kila likishasomwa anaongeza moja. Wa tatu anazisoma kadi na kutoa amri. Wa nne ni mbebaji, anayekwenda kwenye trei na kurudi. Wa tano anapiga makofi, naye ndiye saa: bila kofi hakuna anayeruhusiwa kusogea.

Hayo tu. Chota agizo, lielewe, litekeleze, songa mbele. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji inafanya mzunguko huo huo mabilioni ya mara kila sekunde, kwa maagizo mengi zaidi na kwa namba zilizoandikwa kwa biti, sifuri na moja, kwa sababu transista ni swichi, na ni rahisi zaidi kutofautisha swichi iliyofungwa na iliyofunguliwa kuliko kutofautisha viwango kumi vya umeme. Mada ya biti wanafunzi huiogopa bure. Kipindi kimoja kinaitosha.

Kinachohitaji vipindi vingi ni jambo lililotokea siku mwanafunzi mmoja alipoandika programu yake ya kwanza. Alitaka kujumlisha mifuko ya saruji: 115 ya asubuhi na 210 ya jioni. Tundu la 0 aliweka 103, la 1 akaweka 204, la 2 akaweka 305. Hesabu zake mbili akaziweka katika tundu la 3 na la 4, akaliacha la 5 kwa ajili ya jibu. Alisahau kadi ya kusimama. Makofi yakaanza: 115 ikaja kwenye rejista, 210 ikaongezwa, 325 ikahifadhiwa katika tundu la 5, sawasawa kabisa. Lakini mwenye kihesabio hakuambiwa asimame, kwa hiyo akaongeza moja, na mbebaji akaleta kadi ya tundu la 3. Msoma kadi akatangaza kwa utiifu: «115! Leta kilicho katika tundu la 15.» Tundu tupu; rejista ikawa 0. «210! Ongeza kilicho katika tundu la 10.» Tupu pia. «325! Hifadhi rejista katika tundu la 25.» Sifuri ikaenda kulala tundu la 25. Tundu la 6 lilikuwa tupu, yaani 000, na hapo ndipo walipopata ruhusa ya kusimama.

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, na msichana mmoja akauliza: «Mwalimu, ile 325 ni mifuko ya saruji au ni agizo?»

Swali hilo ndilo moyo wa somo zima, na nilitamani lingeulizwa mbele yangu nilipokuwa na umri wake. Kadi haina alama inayosema mimi ni hesabu au mimi ni amri. Ni namba tu. Inakuwa agizo pale kihesabio kinapoielekea, na inakuwa hesabu pale agizo jingine linapoitaja. Siku ile hakukuwa na kitu katika tundu la 25. Kama kingekuwapo kingefutwa, na hakuna ambaye angejua nani alikifuta. Watu wenye nia mbaya wamelifahamu jambo hilo kwa miongo mingi: wanakupa kitu kinachofanana na data, kama jina refu kupita kiasi, kisha wanaipotosha prosesa iende kukisoma kama maagizo. Ndiyo maana prosesa za leo zina biti maalumu inayotia alama maeneo ya kumbukumbu ambamo hairuhusiwi kutekeleza chochote.

Kuweka maagizo na data katika kumbukumbu moja si jambo lililokuwapo tangu mwanzo. ENIAC, mashine iliyoonyeshwa hadharani huko Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na taa za utupu (swichi za enzi kabla ya transista) zipatazo 18,000, na kuipa kazi mpya kulimaanisha kuhamisha nyaya na kugeuza swichi, shughuli iliyoweza kula siku kadhaa. Waliokuwa wakiipanga kwa namna hiyo ni wanawake sita, jambo ambalo huwa nalitaja kila mwaka nikiangalia upande wanaokaa wasichana. Wazo la kuyaandika maagizo kama namba na kuyaweka pamoja na data lilisambaa kupitia ripoti ya Juni 1945 iliyobeba jina la mwanahisabati John von Neumann peke yake, ingawa J. Presper Eckert na John Mauchly, waliobuni ENIAC, walikuwa sehemu ya mazungumzo yaliyolizaa. Kwa maoni yangu hawakutendewa haki. Mashine ya kwanza ya elektroniki kuendesha programu iliyohifadhiwa hivyo ilifanya kazi Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948, na kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 32 tu. Trei yetu ya mayai imepungukiwa mbili.

Niirudie mashine ya Mama Mkubwa, maana trei iliniwezesha kuona kwa macho kile ambacho fundi alikisikia kwa sikio. Darasa letu ni refu, na siku moja niliiweka trei nyuma kabisa, karibu na mlango, huku prosesa yetu ikiwa mbele ubaoni. Programu ya maagizo kumi na mawili ilimtoa mbebaji jasho. Wanafunzi wakalalamika kwamba mfanya hesabu ni mzito, basi nikambadilisha, nikamweka kijana anayejumlisha kichwani kabla hujamaliza kutamka. Muda haukubadilika hata kidogo. Kijana yule hodari alisimama na chaki mkononi, akitazama njia ya katikati ya madawati, akingoja.

Ndipo mbebaji, kwa sababu miguu ilikuwa yake, akatoa shauri: kwa nini asichukue kadi nne za jirani kwa safari moja, aziweke kwenye dawati la mbele, kwani karibu kila mara inayofuata kuombwa ni jirani ya iliyoombwa? Hakuwa amesoma neno lolote kuhusu kashe, kumbukumbu ndogo iliyo karibu na prosesa, naye aliibuni hapo hapo. Prosesa nyingi za leo hufanya hivyo hivyo: ikiomba baiti moja, yaani biti nane, kashe huleta kifungu kizima, kwa kawaida baiti 64, kwa kutumaini kwamba majirani zake wataombwa punde. Tulipojaribu, safari zikapungua sana. Lakini katika raundi iliyofuata tukapata jibu la ajabu, kwa kuwa kadi moja ilikuwa imebadilishwa kwenye dawati huku trei ikibaki na nakala ya zamani, na mwanafunzi aliyekwenda kuisoma moja kwa moja kwenye trei akatuletea habari iliyopitwa na wakati. Wahandisi wamehangaika na tatizo hilo hasa tangu chipu moja ianze kubeba prosesa kadhaa, kila moja na dawati lake. Sikutaka kuingia humo mwaka wa kwanza. Wao ndio walioniingiza.

Wanafunzi wakiuliza umbali huo ni mkubwa kiasi gani katika mashine ya kweli, ninawapa hesabu hii. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na katika pigo moja hata mwanga wenyewe husafiri sentimeta 10 tu. Tulivute pigo moja liwe sekunde moja. Kupata namba iliyo kwenye rejista ni papo kwa papo. Kashe iliyo karibu zaidi itajibu baada ya sekunde kama 4. Kumbukumbu kuu, ambayo kwa kweli huchukua kiasi cha nanosekunde 100, itajibu baada ya dakika 5. Diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, inayojibu kwa mikrosekunde 100 itatungojesha siku tatu na nusu, muda wa kutosha kupanda boti hadi Goma na kurudi Bukavu bila haraka. Diski ya kuzunguka, kama ile iliyokuwa ikikwaruza, inayohitaji milisekunde 10 kukifikisha kichwa chake mahali panapotakiwa, itajibu baada ya siku 347. Mtoto aliyezaliwa siku ombi lilipotumwa atakuwa anajaribu kusimama wima jibu likifika.

Bila shaka mtu atauliza kwa nini basi kumbukumbu yote isifanywe kuwa kashe. Jibu liko katika ujenzi. Biti moja ya kashe kwa kawaida hujengwa kwa transista sita. Biti moja ya kumbukumbu kuu hujengwa kwa transista moja na kapasita moja ndogo mno, kwa hiyo nyingi zaidi huenea mahali padogo kwa fedha kidogo. Kapasita hiyo ni kikombe cha umeme kinachovuja. Isipojazwa tena husahau, na kwa kawaida kila safu hujazwa upya angalau mara moja katika kila milisekunde 64, mchana na usiku, hata kama hakuna anayeiomba chochote. Kila mwanafunzi wa Bukavu anajua maana ya hayo bila kuambiwa: umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kurasa tatu za TFC zimekwenda na maji.

Kijana mmoja anayetoka Kalehe, ambako watu huchimba koltani, aliinua mkono akitaka kujua kama kapasita hizo ndizo zinazotengenezwa kwa madini ya kwao. Nilifurahi kuwa na jibu lililo sahihi na si la kumpendeza. Zile zilizo ndani ya chipu ya kumbukumbu huchongwa pamoja na silikoni. Lakini kwenye mbao za elektroniki za simu na kompyuta nyingi kuna kapasita ndogo za tantali, metali inayotolewa kwenye koltani, ambazo kazi yake ni kuutuliza umeme usipandepande. Nilimwonyesha tatu kwenye ubao wa simu iliyokufa. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kisha akauliza bei ya simu ilipokuwa mpya.

Linabaki suala la gigahezi zangu, na hapa kosa lilikuwa langu, si la prosesa wala la muuzaji. Pale kwetu, jengo likijengwa mlimani, vijana hujipanga kwenye mteremko na kupokezana matofali. Ukiwapanga wengi kwa karibu, kila mmoja ana hatua fupi, na mapigo ya kupokezana yanakuwa ya haraka. Prosesa nazo huligawa agizo katika hatua, na maagizo mengi huwa njiani kwa pamoja. Toleo la Pentium 4 la mwaka 2004 lilikuwa na hatua 31. Core 2 Duo ya mwaka 2006 ilikuwa na hatua 14. Hatua fupi ziliiruhusu saa ya Pentium 4 kupiga upesi, na ndiyo ile 3.0 iliyonilewesha. Ila programu zimejaa njia panda, kama lile agizo letu la kuruka, na prosesa haiwezi kukaa kusubiri kujua njia. Hukisia na kuendelea kupeleka matofali. Ikikosea, yote yaliyo mkononi mwa vijana walio mstarini ni ya kutupwa, na mstari mrefu hutupa mengi zaidi. Zaidi ya hayo, Core 2 Duo iliweza kukamilisha maagizo mengi zaidi katika pigo moja, tena zikiwa prosesa mbili ndani ya chipu moja. Gigahezi huhesabu makofi. Haisemi kila kofi limesogeza nini.

Mwaka jana Mama Mkubwa alinunua mashine mpya ya kibanda, na hakuniita. Nilisimuliwa na binti yake. Alifika dukani na flashi iliyojaa TFC za wateja, akamwomba muuzaji afungue sita kwa mkupuo, kisha akavuta kiti, akainama na kutafuta kitaa. Muuzaji alimweleza kwamba mashine hiyo ina SSD, haina kitaa wala kelele. Mama Mkubwa akamjibu kwamba hayo ni sawa, lakini yeye ataendelea kukaa hapo hapo hadi ya sita ifunguke.